Kukarabati au Kubadilisha: Madirisha na Milango ya Chuma katika Jengo la Mwaka 1938 Jijini Mwanza

Jengo linalochambuliwa hapa liko katikati ya jiji la Mwanza, katika mtaa wa maduka ulio kati ya bandari na soko kuu, na mwaka wa kujengwa kwake, 1938, umeandikwa kwa tarakimu za saruji kwenye ukuta wa juu unaoficha paa. Chini kuna maduka manne, mawili kati yake yakiuza nyavu, kamba na maboya ya wavuvi. Juu kuna vyumba vilivyoanza kama makazi ya familia ya mfanyabiashara wa pamba, vikawa ofisi, vikaishia kuwa stoo, na sasa warithi wa jengo wanataka kuvipangisha tena kama ofisi. Ghorofa hiyo ya juu ina madirisha 22 ya chuma na milango miwili ya chuma na vioo inayotoka kwenye roshani ya mbele. Niliombwa ushauri wakati wenye jengo walikuwa wamebakiza kutia saini tu mkataba wa kung'oa yote na kuweka mapya, na swali lililokuwa mezani lilikuwa ni lipi hasa liondoke, lipi libaki, na kitakachoondoka kibadilishwe na kitu gani.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini madirisha hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Majengo ya biashara ya miaka ya 1930 hayakupambwa kwa nakshi. Kuta zake ni tambarare, zimepigwa lipu laini, zikiwa na mistari michache ya mlalo na vivuli vyembamba vya zege juu ya madirisha, na ndiyo maana karibu sura yote ya jengo hutegemea mpangilio wa vijiti vyembamba vya chuma ndani ya matundu ya ukuta. Ukiondoa vijiti hivyo, ukuta unaobaki hauna la kusema. Madirisha ya aina hiyo yalikuwa zao la viwanda vya Uingereza, kikiwamo cha Crittall cha Braintree kilichoanza kutengeneza madirisha ya chuma mwaka 1884, na umbo lake lilitokana na vipande vya chuma vilivyopitishwa kwenye roli kikiwa bado cha moto, vikatoka vikiwa imara na vyembamba kwa wakati mmoja. Bidhaa kama hizo zilifika Mwanza ama kwa reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901, kisha kwa meli, ama, kuanzia mwaka 1928, kwa tawi la reli ya kati lililotoka Tabora. Mtu aliyejenga hapa mwaka 1938 aliagiza madirisha ya kisasa kuliko yote aliyoweza kuyapata, na heshima hiyo bado inaonekana ukisimama upande wa pili wa barabara.

Hali tuliyoikuta haikuwa ya kufurahisha. Madirisha ya upande unaotazama ziwa, ambao ndio hupigwa na mvua ya upepo, yalikuwa yamevimba kwa kutu sehemu ya chini, puti ya vioo ilikuwa imekauka na kudondoka vipande vipande, na vioo kadhaa vilikuwa vimepasuka kuanzia kwenye kona. Madirisha saba hayakufunga kabisa. Moja lilikuwa limefungwa kwa waya na kuzibwa kwa kipande cha mabati. Ukiyatazama kwa mbali, ungeamini bila ubishi maneno ya mkandarasi wa kwanza kwamba yamekwisha.

Makadirio yaliyokuwa mbele ya wenye jengo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuweka madirisha ya alminiamu ya kusukuma kando katika matundu yote 22 na kwenye roshani. La pili lilikuwa kuchomelea madirisha mapya kwa bomba la mraba, maarufu kama skweapaipu, pamoja na grili za nje, kazi ambayo karibu kila karakana ya Mwanza huifanya kila siku. Hapakuwa na mtu aliyekadiria ukarabati, kwa sababu ndogo tu kwamba hapakuwa na aliyeulizwa.

Alminiamu inastahili kutendewa haki. Haipati kutu kama chuma, ni nyepesi, mafundi wake ni wengi, na katika jengo jipya lililosanifiwa kwa ajili yake ni chaguo zuri. Tatizo lake hapa linaanzia kwenye tabia ya madini yenyewe. Ugumu wa alminiamu dhidi ya kupinda ni takriban theluthi moja ya ule wa chuma, kwa hiyo fremu ya alminiamu inayobeba kioo kilekile dhidi ya upepo uleule hulazimika kuwa pana zaidi. Kwenye jengo hili, fremu ya zamani pamoja na shata lake, yaani sehemu ya dirisha inayofunguka, likiwa limefungwa, huonekana kwa upana wa milimita 45 hivi, na kijiti cha katikati kinachogawa vioo ni milimita 22. Sampuli ya alminiamu iliyoletwa ilikuwa na milimita 95 kila upande, na vijiti vya katikati havikuwapo kabisa. Mwuzaji alipendekeza vibandikwe vipande bapa juu ya kioo ili kuiga mgawanyo wa zamani. Kijiti cha kubandika hakitoi kivuli kama kijiti halisi kinachoshika vioo viwili, na jicho huutambua udanganyifu huo hata kama mtazamaji hawezi kuueleza.

Hata hivyo hoja iliyowageuza wenye jengo ilikuwa ya hewa. Shata la chuma la zamani huning'inia kwenye bawaba na kufunguka lote kuelekea nje, kwa hiyo karibu tundu zima hupitisha upepo, na lile likifunguliwa nusu hugeuka kuwa kama mkono wa kuuvuta upepo wa pembeni uingie ndani. Dirisha la kusukuma, kwa namna lilivyoundwa, haliwezi kufungua zaidi ya nusu ya tundu lake. Mwanza iko kwenye kimo cha mita 1,134 hivi kando ya ziwa, mchana upepo huvuma kutoka majini kuingia mjini na usiku hugeuka, na vyumba hivi vilipangwa kwa makusudi viwe na madirisha pande mbili ili upepo huo upite. Kuupunguza kwa nusu maana yake ni kununua viyoyozi na kulipa umeme wake kila mwezi kwa miaka yote ijayo. Mama aliyekuwa akisimamia jengo kwa niaba ya ndugu zake aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo, mhandisi, nitalipia upepo ambao leo naupata bure?" Hapo mjadala wa alminiamu uliisha.

Skweapaipu ilihitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu nayo ni chuma, na mtu anaweza kudhani kwamba chuma kwa chuma hakuna tofauti. Bomba la kawaida la madirisha lina ukuta wa milimita 1.2 au 1.5, na ndani yake ni wazi. Kila fundi anapochomelea kona, joto huunguza ukuta huo mwembamba kwa ndani mahali ambapo brashi ya rangi haitafika kamwe, na kila tundu la skrubu ya bawaba ni mlango wa maji. Bomba huoza kutoka ndani kuja nje, na siku rangi inapotoa malengelenge, chuma chenyewe huwa kimekwisha kutoboka. Kipande cha zamani kilichopitishwa kwenye roli hakina ndani. Kina unene wa milimita 3 hivi, pande zake zote zinaonekana na kufikika, na kutu yake huanza mahali unapoweza kuiona na kuikwangua. Ukilinganisha milimita 1.2 inayoliwa kwa siri na milimita 3 inayoliwa hadharani, huna haja ya maabara kujua ipi itadumu.

Kabla ya kuamua lolote tuliyapa madirisha yote namba, tukayapiga picha ndani na nje, tukaanza kuyakagua moja baada ya jingine kwa nyundo ndogo, msumari wenye ncha na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Jambo ambalo mkaguzi wa chuma lazima alijue ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa sababu hiyo, tabaka nene la kutu lenye kutisha laweza kuwa limetokana na upungufu mdogo sana wa chuma. Fundi mkuu, mzee aliyejifunza kuchomelea tangu ujana wake, alilikwangua dirisha lililoonekana baya kuliko yote ya upande wa barabara mpaka likang'aa, akalipima, akakuta milimita 2.7 mahali palipokuwa na milimita 3.2 kiwandani. "Hiki hakijafa," alisema, "kinaumwa ngozi."

Uvimbe uleule wa kutu ndio uliokuwa umepasua vioo. Kutu ikijikusanya kati ya fremu na kioo, au kati ya fremu na ukuta, husukuma kwa nguvu ambayo kioo na lipu haviwezi kuihimili, na ndiyo sababu nyufa zilianzia kwenye kona za chini ambako maji husimama. Madirisha yaliyokataa kufunga nayo yalikuwa na kisa kingine kabisa. Tabaka za rangi za miaka zaidi ya 80 zilikuwa zimejaa kwenye mfereji ambao shata hukalia, na watu walikuwa wakiyalazimisha kwa bega mpaka fremu zikapinda. Matano kati ya yale saba yalifunga vizuri mara tu rangi ilipoondolewa na bawaba kutiwa mafuta. Hayo yalikuwa yameandikwa kwenye mkataba wa mkandarasi kama mabovu.

Tulitafuta pia chanzo cha maji, maana ni kazi bure kutibu chuma na kuacha bomba linalokilowesha. Gata la upande wa ziwa lilikuwa limetoboka na kumwaga maji juu ya madirisha matatu. Kiyoyozi kilichofungwa wakati wa ofisi za zamani kilikuwa kikidondoshea maji kwenye kizingiti cha dirisha moja kwa miaka. Baya zaidi, mtu fulani aliyewahi kukarabati alikuwa amepiga saruji ngumu kuzunguka fremu na kuziba njia ndogo za chini ambazo maji yalitengenezewa yatoke, na ndani ya saruji hiyo ndiko tulikokuta chuma kilicholiwa hadi kuvunjika kwa mkono.

Matokeo ya ukaguzi yaligawa madirisha katika mafungu ambayo hakuna aliyeyatarajia. Kumi na matatu yalifaa kukarabatiwa yakiwa palepale ukutani. Matano yalihitaji kushushwa na kukatwa sehemu iliyooza, kwa kawaida kipande cha chini cha fremu na sentimita chache za miguu yake, ili kuchomelewa kipande kipya. Manne tu, yote ya upande wa ziwa, yalikuwa yamepita kiwango cha kuokolewa, pamoja na mmoja wa milango ya roshani. Kanuni tuliyoifuata inajulikana kote wanakotunza majengo ya kale: kilichochakaa kikarabatiwe kwanza, na pale ambapo uharibifu unalazimisha kubadilisha, kipya kilingane na cha zamani kwa umbo, rangi, mwonekano na, inapowezekana, kwa malighafi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unaongeza kwamba kinachowekwa badala ya kilichopotea kikae kwa upatano na jengo zima, lakini kiweze kutofautishwa na cha asili. Tuligonga mwaka wa kazi kwa muhuri mdogo kwenye ukingo wa ndani wa kila dirisha jipya, mahali panapoonekana shata likiwa wazi.

Sasa likaja suala la malighafi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema kwa kuamini kwamba vipande vya aina ile havitengenezwi tena. Vinatengenezwa. India, iliyorithi utengenezaji huo kutoka Uingereza, bado ina viwango vyake vya madirisha na milango ya chuma, IS 1038, na vya vipande vyenyewe vilivyopitishwa kwenye roli, IS 7452. Na bila kwenda mbali, maduka ya chuma ya Afrika Mashariki huuza vipande vya umbo la Z na umbo la T vyenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, ambavyo vimekuwa vikitumika kwa madirisha ya shule na nyumba za watumishi kwa miongo mingi. Tofauti yao na vile vya mwaka 1938 ni ndogo: kona za ndani za kipande cha zamani ni kali zaidi, na kina chake kinazidi kidogo. Tulitengeneza dirisha moja la majaribio kwa Z na T za dukani, tukaliweka kando ya la zamani kwenye ukuta uleule, tukalitazama kutoka barabarani asubuhi na jioni, wakati jua likipiga kwa pembe. Tofauti haikuonekana. Ningependekeza hatua hiyo kwa kila mwenye jengo la namna hii, kwa kuwa michoro na sampuli za mezani hazisemi ukweli ambao ukuta unausema.

Gharama zilijipanga kwa namna iliyowashangaza ndugu wa familia. Dirisha moja jipya la Z na T, lenye shata mbili na vipande vya juu vya kupitisha hewa, lilikuwa ghali kuliko la alminiamu. Lakini kwa kuwa madirisha 18 hayakuhitaji kununuliwa upya, jumla ya kazi nzima ilishuka chini ya makadirio yote mawili ya awali, na sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye mikono ya mafundi badala ya bidhaa za kuagiza.

Ulinzi dhidi ya kutu ndio uliochukua muda mrefu kuliko mambo yote, na nadhani ulistahili. Madirisha yaliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwa kawaida hayakuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa, yalitegemea rangi peke yake, na kudumu kwake hadi leo kunatokana na unene wa chuma na mazingira ya ziwa. Jambo hili la mwisho husahaulika mara nyingi. Ushauri mwingi wa chuma unaosambaa nchini umetokana na Dar es Salaam na Tanga, ambako chumvi ya bahari hukila chuma kwa kasi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Hewa yake ina unyevu mwingi lakini haina chumvi ile. Zinki ambayo kando ya bahari yaweza kupungua kwa mikroni (sehemu ya elfu moja ya milimita) 4 hadi 8 kwa mwaka, katika mazingira ya wastani hupungua kwa mikroni 2 au chini yake. Chuma cha milimita 3 kikichovywa ipasavyo hupata zinki ya mikroni 70 hivi, na hesabu yake msomaji anaweza kuifanya mwenyewe.

Kuchovya kuna masharti yake. Zinki hutumika ikiwa kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi, na kipande chembamba kisichofungwa vizuri hupinda. Kwa hiyo fremu na shata za madirisha mapya vilipelekwa vikiwa vimekwisha kuchomelewa na kutobolewa matundu yote, vikiwa vimekazwa kwa vyuma vya mshazari, kwa sababu kuchomelea baada ya kuchovya huunguza zinki mahali pale ambapo inahitajika zaidi, na moshi wake humpa fundi homa. (Kwa skweapaipu kuna hatari ya ziada: bomba lililozibwa pande zote laweza kupasuka ndani ya tangi kwa mvuke uliojibana, na halikubaliwi bila matundu ya kupumulia.) Zinki mpya pia haishiki rangi ya kawaida. Ilisuguliwa kidogo na kupakwa praima, yaani rangi ya msingi, maalumu ya zinki kabla ya rangi ya juu, na yeyote aliyewahi kuona geti jipya likibambuka kama ganda la kitunguu anajua kinachotokea hatua hiyo ikirukwa.

Kwa madirisha 13 yaliyobaki ukutani, zinki ya kuchovya haikuwezekana. Hayo yalisafishwa kwa brashi za waya na mashine ndogo za kusugua hadi chuma kigumu, yakapakwa praima ya epoksi inayovumilia mabaki madogo ya kutu, kisha tabaka mbili za rangi. Yale matano yaliyoshushwa yalipigwa chembechembe kwa mashine ya upepo karakanani ili kung'oa kutu, yakapakwa praima yenye zinki nyingi, ile ambayo asilimia 80 au zaidi ya uzito wake ikikauka ni zinki tupu. Hapo nililazimika kusimama kidete. Mchanga wa ziwani upo jirani na ni wa bei ndogo, na kishawishi cha kuutumia kwenye mashine ya upepo ni kikubwa, lakini vumbi lake la silika likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona. Tulitumia chembechembe zisizo na silika.

Kadhalika rangi za zamani. Rangi ya msingi ya chuma ya miaka ile, ile nyekundu iliyoiva, aghalabu ilikuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kilicho salama. Rangi hiyo haikusuguliwa kavu hata mara moja. Ililoweshwa, ikakwanguliwa kwa vyuma bapa, mabaki yakakusanywa kwenye mifuko, na maduka ya chini yalifunikwa kwa turubai siku za kazi hiyo. Faida moja ya kukwangua taratibu ilikuwa kuipata rangi ya kwanza kabisa, kijani kilichokolea, chini ya nyeupe, kijivu na buluu zilizofuata. Familia ilichagua kuirudisha.

Milango ya roshani ilifuata njia hiyohiyo, kwa nyongeza ya usalama. Kioo cha mlango kinachoshuka hadi karibu na sakafu ni hatari kwa mtu anayejikwaa, kwa hiyo vipande vya chini viliwekwa kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, cha milimita 6.4. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, na hicho kina uzito zaidi ya mara mbili ya kile cha milimita 3 kilichokuwapo, hivyo bawaba za mlango mpya ziliongezwa kutoka mbili hadi tatu kila upande, na za mlango uliokarabatiwa zikabadilishwa misumari yake ya ndani. Mishikio ya shaba njano ilisafishwa ikarudi palepale. Vioo vya mawimbi vya maliwatoni, ambavyo leo havipatikani kwa mchoro uleule, vilitolewa kwa uangalifu na kurudishwa; kilichovunjika ni kimoja.

Kulikuwa na mlango mwingine ambao makadirio ya awali yaliupangia kubadilishwa na mlango wa bati la chuma kwa ajili ya usalama: mlango wa mbao wa ngazi, wenye nakshi za maua na vifundo vya mtindo wa Gujarati. Jengo lenyewe halilindwi moja kwa moja na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa kuwa ulinzi wa moja kwa moja unahusu yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mengine hulindwa yakitangazwa. Lakini sheria hiyohiyo inaitambua kwa namna ya pekee milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Tuliwaeleza wenye jengo kwamba mlango ule si wa kung'oa wala kuuza bila kufika kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Walikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Usalama uliokuwa ukitafutwa ulipatikana kwa geti la chuma la kukunja lililowekwa ndani, hatua mbili nyuma ya mlango, lisiloonekana mchana.

Grili za madirisha zilizua ubishi wa kweli. Wapangaji watarajiwa walizitaka, na katikati ya jiji haki yao ni ya wazi. Grili ya nje, hata hivyo, huzuia shata lisifunguke, na huo ndio mwanzo wa kurudi kwenye dirisha la kusukuma. Mbali na hilo, wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu la moshi na kujaa kwenye taa, huhitaji wavu kila dirisha. Suluhisho lilikuwa fremu moja ya ndani yenye bawaba zake, iliyobeba vyuma vyembamba na wavu kwa pamoja, inayofunguliwa kama kabati ili mtu afikie mshikio wa dirisha. Katika kila chumba fremu moja imewekwa komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, kwa sababu moto ukizuka ngazini, grili iliyofungwa ni gereza.

Wakati wa kurudisha fremu ukutani, lipu iliyozunguka matundu ilikuwa ya chokaa, na ilizibwa kwa chokaa. Pengo jembamba kati ya chuma na ukuta lilijazwa gundi laini isiyokauka kabisa, na njia za maji za chini zilizibuliwa na kuachwa wazi. Puti iliyotumika ni ile ya madirisha ya chuma. Puti ya madirisha ya mbao hukauka kwa kutegemea mbao inyonye mafuta yake, na juu ya chuma hubaki laini, kisha hupasuka. Fundi wa vioo alikuwa amekwisha kununua debe la ile ya mbao, na debe hilo lilirudishwa dukani.

Masika ya kwanza baada ya kazi yalionesha mambo mawili. Madirisha mapya manne na yale matano yaliyokatwa hayakupitisha maji. Kati ya yale 13, mawili ya kona ya ziwa yalipitisha matone kwenye kiungo cha juu, ambako fremu imepinda kidogo kwa miaka ya kulazimishwa na shata haligusi kote. Yamewekewa ukanda wa mpira kwa muda na yatashushwa kunyooshwa kiangazi. Mkataba wa wapangaji sasa unamtaka mwenye jengo akague puti, bawaba na njia za maji kila mwaka kabla ya vuli, na apake rangi upande wa ziwa kabla ya ule wa barabarani. Lililobaki bila uamuzi ni mbele ya maduka ya chini, ambako mpangaji mmoja bado anaomba kioo kikubwa cha alminiamu ili nyavu zake zionekane. Ombi lake lina msingi, na mchoro wa fremu ya T yenye kioo kipana, bila kijiti cha katikati, upo kwenye karakana ukisubiri ujibiwe kwa sampuli ya ukubwa kamili, kama ilivyofanyika juu.